Kuwapo kwa Maandishi: Namna Kozi za Mtandaoni za Vyuo Vikuu Zinavyoendeshwa na Yale Zinayomdai Mwanafunzi

IKISIRI

Makala haya yanaeleza namna kozi za mtandaoni za vyuo vikuu zinavyoendeshwa na yale zinayomdai mwanafunzi, yakitumia mazingira ya Tanzania kama kifani. Hoja inayojengwa ni kwamba kozi ya mtandaoni haimpunguzii mwanafunzi kazi, bali humkabidhi sehemu ya kazi iliyokuwa ikifanywa na ratiba, kengele na macho ya mhadhiri. Na kwamba kuwapo kwake katika kozi hutambuliwa kwa maandishi yake tu. Uchambuzi umeongozwa na Nadharia ya Umbali wa Kimawasiliano ya Michael G. Moore, pamoja na uzoefu wa mwandishi ambaye alisoma kwa njia hii na baadaye kuwa mkufunzi wa kozi za aina hiyo.

1.0 Utangulizi

Katika ukumbi wa mihadhara, mwanafunzi anayekaa safu ya nyuma bila kusema neno muhula mzima bado yupo. Mhadhiri humwona, wenzake humjua kwa sura, na jina lake limo katika karatasi ya mahudhurio. Siku ya mtihani akiingia chumbani hakuna anayeshangaa. Mwanafunzi huyohuyo akijiunga na kozi ya mtandaoni na kuendelea na tabia yake ya kusoma kimyakimya, mfumo utamhesabu kuwa hayupo, na mkufunzi atakapofungua orodha ya washiriki mwishoni mwa muhula atakuta jina lisilo na kitu mbele yake.

Suala hili si la kinadharia tu. Nikiwa mkufunzi, nilipigiwa simu na mwalimu mmoja wa sekondari aliyekuwa akisomea shahada huku akifundisha. Alitaka kujua kwa nini tathmini yake endelevu ilionyesha sifuri. Alikuwa amepakua mihadhara yote, akaichapisha katika duka la steshenari, akaisoma na kujaza madaftari mawili makubwa. Nilipomuuliza maswali mawili matatu kuhusu kozi, alijibu vizuri kuliko wengi waliofaulu. Lakini hakuwa ameandika chochote katika jukwaa la majadiliano, na kazi yake ya kwanza ilikuwa imelala ndani ya mfumo kama rasimu kwa sababu hakubonyeza kitufe cha mwisho cha kuwasilisha. Alikuwa ameambiwa, kama wanavyoambiwa wengi, kwamba mtandaoni “utasoma kwa muda wako.” Ada ya mwaka ilikuwa imekwisha kulipwa.

Kauli hiyo ya kusoma kwa muda wako ni kweli nusu. Sehemu zinazofuata zinaeleza nusu ya pili.

2.0 Kutoka sanduku la posta hadi seva

Elimu ya masafa ni kongwe kuliko intaneti. Chuo Kikuu cha London kilianza mwaka 1858 kuwaruhusu watu wasiohudhuria masomo London kufanya mitihani yake na kutunukiwa shahada. Chuo Kikuu Huria cha Uingereza kilianzishwa mwaka 1969 na kupokea wanafunzi wa kwanza mwaka 1971, kikitumia vitabu vilivyotumwa kwa posta pamoja na vipindi vya redio na televisheni. Nchini Tanzania, Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kiliundwa kwa Sheria Na. 17 ya mwaka 1992, kikaanza kazi mwaka 1993 na kudahili wanafunzi wa kwanza mwaka 1994. Kwa muda mrefu vituo vyake vya mikoa vilikuwa ndiyo sura ya chuo kwa mwanafunzi: huko alichukua vitabu vya masomo, alikutana na wakufunzi na alifanya mitihani.

Mwaka 2009 mkongo wa SEACOM ulifika katika pwani ya Afrika Mashariki, ukafuatiwa na EASSy mwaka 2010, na intaneti ikaacha kutegemea setilaiti peke yake. Kilichokuwa kikisafiri kwa posta kikaanza kusafiri kwa waya. Miaka kumi baadaye, vyuo vya Tanzania vilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya UVIKO-19 hadi vilipofunguliwa Juni mosi mwaka huohuo, hata wahadhiri ambao hawakuwa wamewahi kufikiria jambo hili walijikuta wakiulizana namna ya kufundisha bila ukumbi. Nchini Kenya, Chuo Kikuu Huria cha Kenya kilipewa hati yake mwaka 2023 kikiwa kimekusudiwa tangu mwanzo kufundisha kwa njia ya mtandao.

Hapa ni muhimu kutofautisha mambo mawili. Mhadhara wa ana kwa ana uliohamishiwa kwenye simu kwa dharura si kozi ya mtandaoni. Kozi ya mtandaoni hupangwa yote kabla mwanafunzi wa kwanza hajaingia: malengo, matini, maswali, tarehe na vigezo vya alama. Mengi ya malalamiko dhidi ya masomo ya mtandaoni, kwa maoni yangu, yanahusu ule uhamisho wa dharura.

3.0 Kozi ndani ya mfumo

Vyuo vingi vya Afrika Mashariki huendesha kozi zao katika mfumo uitwao Moodle, ulioanzishwa na Martin Dougiamas wa Australia na kutolewa kwa umma mwaka 2002. Mfumo huu hutumiwa bila malipo ya leseni, na chuo kinaweza kuubadili kulingana na mahitaji yake. Sifa hizo mbili zinaeleza kwa kiasi kikubwa kwa nini umeenea. Mwanafunzi hupewa jina la mtumiaji na nywila, na akiingia hukuta kozi alizosajiliwa. Kila kozi imegawanywa kwa wiki au kwa mada, na ndani ya kila mada mna vitu vya aina mbili ambavyo mgeni huvichanganya.

Aina ya kwanza ni vya kusoma au kutazama: matini, sauti, video na viungo vya kurasa nyingine. Aina ya pili ni vya kutenda: jukwaa la majadiliano, jaribio, na kazi ya kuwasilisha. Vya aina ya kwanza havina alama. Mwanafunzi aliyesoma matini zote za muhula amefanya jambo la lazima, lakini hajapata hata alama moja. Aliyezoea mihadhara ya ukumbini huona aina ya kwanza ndiyo kozi yenyewe na aina ya pili kuwa nyongeza. Mfumo unaliona jambo hilo kinyume chake.

Kazi ya kuwasilisha inahitaji kuelezwa kwa undani kwa kuwa ndipo wengi hupotelea. Mwalimu anaweza kuweka tarehe mbili tofauti: tarehe ya mwisho, ambayo baada yake kazi hupokelewa ikiwa na alama ya kuchelewa, na tarehe ya kufunga, ambayo baada yake mlango haufunguki kabisa. Tena anaweza kumtaka mwanafunzi athibitishe kwamba amemaliza. Pale sharti hilo lilipowekwa, faili iliyopakiwa hubaki rasimu mpaka mwanafunzi abonyeze kitufe cha kuwasilisha na kukubali tamko kuwa kazi ni yake. Yule mwalimu wa sekondari aliliona jina la faili lake kwenye skrini, akaamini limefika.

Jaribio lina tabia yake. Likiwa limewekewa dakika 40, dakika hizo huhesabiwa na seva ya chuo wala si simu ya mwanafunzi. Umeme ukikatika katika dakika ya 12, saa inaendelea kutembea. Majibu yaliyokwisha kuhifadhiwa hayapotei, na mwanafunzi akirudi kabla muda haujaisha hukuta mahali alipoachia. Asiporudi, mwisho wa dakika 40 ni mwisho. Kwa hiyo tahadhari ya kwanza kabla ya kufungua jaribio haihusu somo lenyewe: ni chaji, salio la kifurushi, na mahali ambapo mtandao haukatiki.

4.0 Hesabu ya saa

Katika mfumo wa sifa za vyuo vikuu Tanzania, krediti moja ni sawa na saa 10 za ujifunzaji zinazokadiriwa, zikiwamo za kusikiliza, kusoma, kuandika na kujiandaa kwa mtihani. Mwaka mmoja wa shahada ya kwanza una krediti 120. Tuchukue kozi ya krediti 12: ni saa 120. Muhula ukiwa na wiki 15, kozi hiyo moja inadai saa 8 kila wiki. Mwanafunzi aliyechukua kozi tano za namna hiyo anadaiwa saa 40 kwa wiki, yaani ajira ya pili kamili juu ya ile aliyo nayo.

Hesabu hiyo haibadiliki kwa kuwa kozi iko mtandaoni. Kinachobadilika ni nani anazigawa saa hizo. Chuoni, ratiba hutenga sehemu yake: Jumatatu saa mbili hadi saa nne asubuhi, ukumbi fulani. Mtandaoni hakuna aliyezitenga, kwa hiyo saa 8 za wiki ya kwanza ambazo hazikutumika hujilundika juu ya za wiki ya pili, na kufika wiki ya tano mtu ana deni la saa zisizolipika. Nimeona wanafunzi wenye uwezo wakiacha masomo katika wiki hizo si kwa ugumu wa mada bali kwa kukata tamaa mbele ya rundo. Vyuo huria vinavyomruhusu mwanafunzi kueneza shahada katika miaka mingi zaidi ya mitatu vinatoa dawa halisi, ila dawa hiyo humfaa anayeitumia mwanzoni. Muuguzi mwenye zamu za usiku anayejisajili kozi mbili na kuzimaliza amefanya hesabu nzuri kuliko anayejisajili tano na kuzikimbia zote.

Kuna pia saa kwa maana ya kawaida kabisa, na hapa Mswahili ana tatizo lake ambalo miongozo ya vyuo haikulifikiria. Mfumo huandika muda kwa hesabu inayoanzia usiku wa manane. Sisi tunahesabu tangu alfajiri. Mwanafunzi anayeona kazi inafungwa saa “6:00” za jioni na kuisoma kama saa sita usiku, huku mfumo ukikusudia saa kumi na mbili jioni, atachelewa kwa saa sita akiwa na uhakika kwamba amewahi. Kosa kubwa zaidi linatokana na “00:00.” Kazi inayofungwa tarehe 15 Juni saa 00:00 inafungwa usiku wa kuamkia tarehe 15, tarehe 14 inapokwisha, anayedhani ana mchana wote wa tarehe 15 amepoteza siku nzima. (Wazee wa mwambao, ambao kwao usiku hutangulia mchana wake na usiku wa Ijumaa ni ule unaofuata Alhamisi, wangeielewa tarehe hiyo bila shida.) Mkufunzi anayeandika “mwisho ni Jumapili, saa tano na dakika hamsini na tisa usiku” katika tangazo lake huondoa makosa haya kwa sentensi moja.

5.0 Umbali, ukimya na adabu

Moore alidai kwamba umbali katika elimu ya masafa haupimwi kwa kilomita. Ni pengo la uelewa na mawasiliano kati ya mwalimu na mwanafunzi, na ukubwa wake hutegemea mambo matatu: muundo wa kozi, majadiliano, na uwezo wa mwanafunzi wa kujiongoza. Muundo ukiwa mkali na majadiliano yakiwa machache, umbali huongezeka, na mwanafunzi hulazimika kujiongoza zaidi. Katika andiko lake la mwaka 1989 alitofautisha mwingiliano wa aina tatu: wa mwanafunzi na maudhui, wa mwanafunzi na mwalimu, na wa wanafunzi wao kwa wao. Yule mwalimu wa madaftari mawili alikuwa na wa kwanza tu.

Jukwaa la majadiliano ndilo chombo kikuu cha kupunguza umbali huo, nalo ndilo linaloeleweka vibaya kuliko vyote. Mkufunzi huuliza swali, kila mwanafunzi huandika jibu, kisha hutakiwa kujibu andiko la mwenzake mmoja au wawili. Katika aina mojawapo ya jukwaa, mwanafunzi haoni majibu ya wengine mpaka atoe lake kwanza. Vigezo vya alama kwa kawaida hutazama hoja, ushahidi wa kusoma, na kama andiko linasogeza mjadala mbele.

Adabu ya Kiswahili inapoingia hapa hugongana na vigezo hivyo. Katika majukwaa niliyoyasimamia, andiko la kawaida lilianza kwa salamu kwa mwalimu na kwa wanakozi wote, likashukuru kwa mada nzuri, likasema “nakubaliana kabisa na mwenzangu aliyetangulia,” likafunga kwa kutakia heri. Ana kwa ana, hayo ni maneno ya mtu aliyelelewa vizuri, na asiyeyasema huonekana mkavu. Jukwaani hayana alama, kwa sababu hayana hoja. Ugumu unazidi pale anayetakiwa kupingwa ni mkubwa kwa umri. Kijana wa miaka 24 aliye kundi moja na mwalimu mkuu wa miaka 50 atamjibu kwa kuanza na “shikamoo,” kisha atashindwa kuendelea.

Sioni kuwa suluhisho ni kuwafundisha wanafunzi kuacha heshima. Kiswahili kina njia za zamani za kupinga bila kuvunja: “umesema kweli, mzee wangu, ila ningeomba tuitazame na sehemu hii,” au kuuliza swali ambalo ndani yake mna pingamizi. Mijadala ya barazani haikukosa ubishi. Ilikuwa na namna yake ya kubishana. Mkufunzi akiweka mfano wa andiko moja la namna hiyo katika wiki ya kwanza, lenye salamu ya mstari mmoja na pingamizi la aya moja, wanafunzi hulifuata. Kinachowashinda wengi ni kutojua kwamba pingamizi limeruhusiwa.

Linalotakiwa zaidi ya yote, basi, ni kuandika: mara kwa mara, kwa ufupi, mbele ya watu. Mwanafunzi wa ukumbini anaweza kuandika mara mbili kwa muhula. Wa mtandaoni huandika kila wiki, na hata swali analomuuliza mkufunzi lazima liwe sentensi inayoeleweka. “Mwalimu sijaelewa” haijibiki. “Sijaelewa tofauti ya kirai na kishazi katika mfano wa pili wa mhadhara wa tatu” hujibiwa siku hiyohiyo.

6.0 Vifaa na lugha

Kuhusu vifaa mengi yamekwisha kuandikwa, nami nitapita haraka. Simu janja inatosha kusoma, kusikiliza na kujibu jukwaani. Haitoshi kuandika insha ya kurasa kumi wala kupanga tasnifu. Video ya saa moja hula mamia ya megabaiti ambapo matini ya mada hiyohiyo hula sehemu ndogo sana, na programu ya simu ya Moodle huruhusu kupakua maudhui na kuyasoma bila mtandao. Mkufunzi anayeweka video bila matini yake amewatoza wanafunzi wake ada ambayo haimo katika orodha ya ada.

Lugha inastahili neno zaidi. Mwanafunzi wa shahada ya Kiswahili mara nyingi husoma kozi yake kwa Kiswahili ndani ya mfumo ambao vitufe vyake vyote ni vya Kiingereza, akiandika kwa simu inayomgeuzia maneno. Kipengele cha kusahihisha tahajia kikiachwa wazi, “kiima” na “yambwa” huweza kubadilishwa kuwa maneno ya Kiingereza yasiyohusiana na chochote, na mtahini akamwona mwandishi mzembe. Kukizima, au kuiwekea simu kibodi ya Kiswahili, ni kazi ya dakika moja ambayo inapaswa kufundishwa siku ya kwanza.

7.0 Maandishi ya nani?

Iwapo kuwapo kwa mwanafunzi ni maandishi yake, basi anayeweza kughushi maandishi anaweza kughushi kuwapo. Tatizo hili lilikuwapo tangu enzi za posta, ila limebadilika sura. Programu za kulinganisha matini hutambua kilichonakiliwa kutoka katika hazina zilizo nazo. Makala ya Kiingereza iliyotafsiriwa kwa Kiswahili huweza kupita bila kuguswa, na vitabu vingi vya Kiswahili havimo katika hazina hizo. Akili unde nayo sasa huandika andiko la jukwaani lenye salamu, hoja na tamati kwa sekunde chache. Vifaa vinavyodai kuitambua hukosea, na kumtuhumu asiye na hatia kwa ushahidi wa mashine ni jambo ambalo mtahini hapaswi kulifanya.

Njia niliyoiona ikifaa ni ya zamani. Katika kozi mojawapo tuliongeza mazungumzo ya simu ya dakika kumi kwa kila mwanafunzi kuhusu insha yake mwenyewe: kwa nini umechagua mfano huu, aya ya tatu ina maana gani, ungebadili nini. Asiyeiandika insha hiyo alijulikana kabla ya dakika ya tatu. Lakini tuligundua jambo jingine ambalo hatukulitafuta. Baadhi ya waliokuwa kimya jukwaani, ambao tungewaandika kuwa hawapo, walizungumza kwa ufasaha na kwa kina kilichotushangaza, na ikabidi tujiulize upya jukwaa lilikuwa likipima nini.

Kwa darasa la wanafunzi 60, mazungumzo hayo huchukua dakika 600, yaani saa 10 za mkufunzi kwa kila kazi moja. Katika mkataba tuliofanyia kazi, saa hizo hazikuwamo. Zinapaswa kuhesabiwa wakati kozi inapopangwa, kama zinavyohesabiwa zile 120 za mwanafunzi.